Ng'ombe Walioniingiza Shule

Bhoke mjukuu wangu,

Marahaba. Huku shamba la mkonge mgongo unauma, ila nakula. Bibi yako ameniambia mahindi yamestawi.

Umeuliza kwa nini niliishia darasa la pili. Baba yangu alituhamisha kutoka Gorong'a akajenga Turwa, kwa kuwa shule ya pale ilipokea watoto wa wakazi tu. Mwalimu akaja kukagua kama kweli tumehamia, akakuta zizi halina hata samadi. Akacheka, "Mzee, Mkurya anahama bila ng'ombe?"

Kesho yake baba akawaleta ng'ombe wote aliokuwa amewaacha Gorong'a, nami nikaandikishwa. Kaka yangu aliyewachunga alipooa na kuondoka, fimbo ya kuchungia nikapewa mimi, na shule ikaishia hapo.

Nasikia baba yako naye anawahamisha nyinyi na ng'ombe kwa ajili ya shule yako. Niandikie: ng'ombe atachunga nani?

Babu yako