Maswali Yako Niliyapeleka kwa Wamonaki

Nafula, rafiki yangu,

Wamonaki wananyoana wenyewe. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata hujanipa maji ya kunawa. Hakuna kinyozi anayetoka mjini. Bruda mmoja anakaa kwenye stuli nje ya bohari, mwingine anashika mashine, na zamu zinabadilika. Niliambiwa kwamba ukimnyoa mwenzako vibaya wiki hii, ujue wiki ijayo kichwa chako kitakuwa mikononi mwake. Ndiyo maana wanapendana, alisema aliyeniambia, kisha akacheka sana.

Lakini nimeruka mbele. Wewe ulipenda jambo lielezwe kutoka mzizi.

Unakumbuka ulijiandikisha kwenda mafungo kule monasterini, nje kidogo ya Tororo. Laini yako ya Kenya ilikuwa na tabia ya kufa ikifika Uganda, kwa hiyo uliwapa namba yangu. Mimi nilisahau. Ukaanguka jikoni kwako asubuhi ile, sufuria ya maharage ikiwa bado motoni, tukakukimbiza hospitali, na daktari akatoka kutuambia ni presha na kwamba hakukuwa na la kufanya. Tukakuzika. Halafu siku moja niko ofisini kwetu mpakani, upande wa Uganda, napanga karatasi za lori la saruji, simu ikalia.

"Naongea na Nafula?"

Nikamwambia kwamba mwenye jina hilo ameaga dunia. Aliyepiga alikuwa bruda anayepokea wageni. Akasema, "Pole, dada. Chumba chake sitapatia mtu mwingine. Kama kuna wa kuja kwa niaba yake, aje."

Nafula, mimi ni mlokole. Unajua sisi tunavyoomba, spika hadi barabarani. Ulikuwa ukinitania kwamba Mungu wangu ni kiziwi. Ningeenda kufanya nini mahali ambapo watu wananyamaza kuanzia asubuhi? Na nikuambie ukweli, tangu uondoke sikuwa mtu wa kuomba popote. Jumapili, wakati wa ushuhuda, watu wakianza kusimama na kumshukuru Mungu kwa kazi, kwa mtoto, kwa kupona, mimi nilikuwa natoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu. Neno asante lilikuwa limenikwama. Mchungaji aliniita, akaniambia nijilazimishe, hisia zitafuata. Nilijilazimisha. Hazikufuata.

Kilichonipeleka Tororo ni maswali yako. Hayo ndiyo yalikuwa yakinisumbua nikiwa nakula mchana peke yangu mezani, maana hotelini kwako, ng'ambo Kenya, palikuwa pamefungwa, na tangu mazishi sikuwa nimevuka mpaka hata mara moja. Nilikuwa nakusikia ukiuliza. Wewe uliyemwuliza dereva wa Rwanda kama milima haichoshi macho. Wewe uliyemwuliza yule wa Kongo jinsi mtu anavyokula akiwa na madaraja mabovu mbele yake, naye akasahau chai yake ikapoa akikueleza. Na juu ya wamonaki ulikuwa na mengi. Nani anawanyoa? Je, wanagombana? Na lile ulilouliza ukikanda unga, bila kunitazama: "Hivi Athieno, wao hawachoki na Mungu?"

Nikaona, huyu mtu amekufa hajajibiwa. Nikaomba ruhusa kazini.

Mahali penyewe pametulia kuliko nilivyodhani, ila si kimya cha makaburini kama ulivyokuwa unaniogopesha. Ng'ombe wanalia. Cherehani inasikika kutoka chumba fulani. Kwa mbali unauona mwamba wa Tororo umekaa tu, kama mtu aliyemaliza kazi. Chumba chako kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama shamba la karanga. Mlangoni walikuwa wamebandika jina lako. Bruda wa wageni aliuliza kama aliondoe. Nikamwambia aliache.

Siku ya kwanza nilitaka kutoroka. Naapa. Mezani hakuna anayeongea, unasikia vijiko tu, na mimi nikitafuna nilijisikia kama mbuzi. Kengele inalia, wanakwenda kusali. Inalia tena, wanakwenda tena. Nikajiuliza, walichomwambia Mungu asubuhi kimekwisha haraka hivi? Kanisani wanakaa pande mbili zinazotazamana, wanaimba zaburi pole pole, upande huu mstari, upande ule mstari. Nilikaa nyuma, mdomo umefungwa.

Kesho yake nikaomba kazi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inawasha kwa kukaa bure. Wakanipeleka kwa mzee mmoja, Bruda Omoding, Mteso kwa kabila, aliyekuwa anachuma karanga kutoka kwenye mashina yake na kuzianika juu ya turubai. Hapo kazini wanaruhusiwa kusema kidogo. Nikajua ndiye wa maswali yako.

Nikaanza na kunyoa. Nikaja kwenye ugomvi. "Tunagombana," alisema. "Mimi na ndugu mmoja hatukusemeshana kwa sababu ya mlango. Yeye anaufunga kwa kishindo, paa! Mimi nashtuka. Mimi nafunga pole pole, yeye anasema naacha wazi, mbu wanaingia." Nilimwuliza mambo yaliishaje. "Mlango ulivunjika," akasema. "Mungu ni mwema."

Ungempenda mzee yule, Nafula.

Halafu akaacha kuchuma kidogo, akanitazama. "Haya maswali ni ya kwako?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza juu yako. Nilimweleza vile ulivyokuwa ukinisahihisha Kiswahili mbele ya wateja, "mtoto wangu, si mtoto yangu," na vile ulivyoniita Mganda ingawa kila siku nilikwambia kabila langu ni Japadhola, wa Molo ya hapa Tororo. Nilimweleza sufuria ya maharage. Alisikiliza akiendelea kuchuma. Nilipomaliza aliuliza tu, "Amebakisha swali gani?"

Nikamwuliza lile la kuchoka. Nilidhani atakasirika, au atanihubiria.

"Nachoka," alisema. "Mara mingi. Kuna mwaka mama yangu alikufa, mimi sikuwa na neno la kumpa Mungu. Lakini kengele inalia, unakwenda. Umeona tunavyokaa pande mbili? Upande ule wakiimba, sisi tunapumua. Sisi tukiimba, wao wanapumua. Mwaka ule mimi nilipumua tu. Wengine waliniimbia. Hakuna aliyenipigia hesabu."

Niliinama nikachuma karanga, kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Kwetu kila mtu anasimama na ushuhuda wake mwenyewe. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kushukuru kwa niaba ya mwenzake ambaye ameishiwa maneno, akamshikia nafasi mpaka arudi.

Mchana wa siku iliyofuata mvua ilikuja. Unaijua mvua ya huku, haipigi hodi. Upepo ulipinda migomba, anga likawa jeusi upande wa Kenya, na karanga zote zilikuwa nje. Wakati huohuo kengele ya sala ikalia. Nikasimama mlangoni nikitazama kwa udadisi wako wote: sasa watafanya nini? Karanga au Mungu?

Mkuu wao alitoka, mtu mrefu, mpole. Akatazama juu. Akatazama kanisa. Akapandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akashika pembe ya turubai na kupiga kelele, "Ndugu zangu, vuteni!" Nafula, sijawahi kuona wazee wakikimbia vile. Kanzu zinapepea, ndala zinaruka. Bruda mmoja aliteleza akakaa kwenye matope, mwingine akamruka. Mimi nilishika pembe yangu na Bruda Omoding ya kwake, mvua ikatupiga usoni, nasi tukavuta mzigo ule mpaka ndani ya bohari. Tulipofika nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, na nikasikia kicheko changu kikirudi kutoka kwenye mabati, nikashangaa. Nilikuwa sijakisikia tangu wakati wako.

Mzee alijipangusa uso, akazitazama karanga. "Eyalama," akasema, kwa Kiteso, asante. Hakuniambia mimi. Aliziambia karanga, au mvua, au sijui nani.

Wakaingia kusali wakiwa wamelowa, wamechelewa, wananuka udongo. Niliingia nao. Safari hii sikukaa nyuma. Bruda Omoding alinisogezea nafasi pembeni mwa upande wake, akanifungulia kitabu na kuniwekea kidole kwenye mstari. Ilikuwa zaburi ya shukrani. Upande ule ukaimba, nikapumua. Upande wetu ukaanza, nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Sikuona haya. Upande ule ukaimba tena. Na zamu yetu iliporudi, neno lilitoka. Sauti ilikuwa mbaya, imepasuka katikati, lakini ilikuwa yangu.

Nisikilize vizuri hapa, ili usije ukaninunia. Sikushukuru kwamba ulikufa. Sitashukuru kwa hilo, hata wakinipa jina la mkaidi. Nilishukuru kwamba siku ile ya kwanza ofisini chakula kilikuwa kimeisha, nikavuka kutafuta chapati, nikakukuta. Nilikuwa nimekaa na msiba wako muda wote huo bila kukumbuka kwamba kabla ya msiba palikuwa na wewe. Nililia zaburi nzima. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Walikuwa wanaimba.

Jumapili, niliporudi kanisani kwetu, ushuhuda ulipoanza sikutoka. Nilisimama. Nilisema, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya Nafula," nikaketi. Mchungaji alingoja niendelee, lakini hapakuwa na zaidi.

Na jana nilivuka mpaka.

Kuna jambo hulijui: hoteli yako imefunguliwa. Mama yako ndiye aliyeifungua. Ameanza na chai na mandazi tu, anasema maharage bado hayawezi. Amepaka rangi ya kijani ukutani, mbaya kabisa, usiulize. Nilipoingia alikuwa amemsimamia dereva mmoja, mkono kiunoni, akitaka kujua ni kwa nini lori lake lina maandishi ya Kiarabu na kama yeye mwenyewe anajua kuyasoma. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Miaka yote hiyo nilidhani udadisi ule ulizaliwa nao peke yako.

Aliponiona aliacha kila kitu. "Mwanangu, umepotea wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, nilikuwa kwa wamonaki." Basi. Hakunipa hata kiti. "Walikulisha nini? Ni kweli hawaongei? Na wakiumwa na jino, wanamwambiaje daktari?"

Nilimjibu mpaka chai ikapoa. La jino sikulijua.

Sasa lala, rafiki yangu. Kazini najua watanitafuta, lakini mchana nitakuwa nakula kwa mama yako, mandazi leo, na maharage siku atakapokuwa tayari kuyaweka motoni. Nitakaa naye siku hiyo. Nitamshikia mwiko akishindwa kukoroga, nami nitakula sahani nzima hata yakiungua. Hilo nakuahidi.

Mimi wako, Japadhola wa Molo,
Athieno