Nembo Niliyomshonea Mgeni

MAELEZO YA SHAHIDI
Jumatano, tarehe 8 Januari, saa tano asubuhi
Kwa: Afisa wa zamu, dawati la upelelezi

Wateja huniita Mama Vifungo. Nina miaka 41, mjane, fundi cherehani. Naishi chumba cha kupanga nyuma ya soko la nguo.

Nilihamia jiji hili mwezi uliopita na binti yangu, baada ya kumzika baba yake. Tulitembelea shule tano za sekondari za binafsi. Binti alichagua ya tano. Alisema, "Mama, vitabu vyao vimechakaa. Vinasomwa."

Leo saa mbili asubuhi tulifika getini. Nafasi yake ilishikiliwa hadi saa sita mchana, mradi tulete vyeti halisi. Foleni ilifika barabarani. Bwana mmoja aliyevaa shati lenye nembo ya shule alitujia. "Mimi ni wa usajili, mama. Usiungue jua bure, nipe faili nikupitishie."

Nembo yake ilikuwa inaning'inia, imeshikwa kwa nyuzi mbili tatu za mkono. Mwingine angeshtuka. Mimi nilimwonea huruma. Nilitoa sindano nikamwambia, "Simama, baba, utaaibika mbele ya wazazi." Nikaishona akiwa amelivaa shati.

Binti alininong'oneza, "Mama, tukae tu kwenye foleni."

Yule bwana akacheka. "Huyu atakuwa hakimu."

Saa mbili na nusu nilimpa faili. Aliingia mlango wa pembeni. Hadi saa tatu na robo hakuwa ametoka. Mlinzi akaniambia mlango ule unatokea barabara ya nyuma.

Nikakimbilia ofisini, kumbe msajili ni mwanamke. Alisema, "Jana wazazi walimkatalia mtu huyo. Waliitilia shaka nembo yake, ilikuwa inadondoka."

Binti alinishika mkono.

Msajili ametuongezea muda hadi Ijumaa saa sita. Cheti cha kuzaliwa na matokeo nitaomba vingine, ingawa sijui kama vitawahi. Ila ndani ya faili mna barua ya uhamisho. Baba yake aliisaini kitandani, binti akimshikia daftari kwa chini. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari, akaomba radhi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya. Mkilikuta faili hilo, hata Ijumaa ikiwa imepita, naomba mnikumbuke.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Afisa: Nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi. Amekubali kuwa ni sahihi, hakutaka lipunguzwe neno.