Kasia ya Ukutani

Makiso, Kisangani

Kwako mudogo wangu Berthe, pale Yanonge,

Nakusalimia sana. Mugongo yako iko namna gani? Na ile mbuzi yenye kula nguo za watu, ingali hai? Huku chakula iko, mwili iko, ila usingizi hapana. Hadidja, jirani yetu mwenye alitoka Kindu, ndiye ananiandikia, maana kalamu na mimi hatujuani. Na weye Papa Hubert katekista, mwenye unamusomea, soma polepole na usikohoe-kohoe pahali pa kutisha.

Nasema kwanza: mujukuu wetu Julie ni muzima. Anakula, anatukana kuku. Bon, sasa kaa chini nikuambie.

Unajua nyumba ya mutoto wangu Lambert, ile ya Mugreki mwenye duka, walimupatia wakati mali ya wageni iligawiwa. Nyuma iko pisini, shimo kubwa ya simenti, wazungu walikuwa wanaogelea humo. Mugreki alienda, hakuna mwenye kuisafisha. Mvua ikajaza, majani madogo ya kuelea yakafunika yote, kijani moja, laini, hata chura anakaa juu. Nilimwambia Lambert azungushe uzio. Akacheka, eti Maman, sisi tunazaliwa na muto, tutaogopa beseni?

Jumapili yenye imepita alialika wakubwa wa kazi yake. Bia, kuku, muziki. Mimi barazani nafunga kwanga, ile muhogo ya kuponda, ndani ya majani. Françoise, muke wake, alijua mutoto iko na mimi. Mimi nilijua iko na baba yake. Baba alijua iko na mama. Watu wazima walijaa lupango nzima, nyumba na kiwanja, na hakuna hata jicho moja juu ya Julie.

Berthe, sikusikia kitu. Hiyo ndiyo inaniamusha kila usiku. Kwetu mutoto akianguka mutoni, maji inalia, kila mama anageuka. Hapa, kimya. Niliinua kichwa kutafuta kamba ya kwanga tu, nikaona ndara zake kando ya simenti, zimepangwa vizuri, moja karibu na ingine. Françoise amemufundisha kuvua ndara kabla ya kukanyaga tapi, ile zulia ya salon. Na tapi ya salon ni ya kijani.

Katika majani kulikuwa tundu ndogo, na ilikuwa inajifunga.

Sikuruka. Nilikimbia salon, nikang'oa ukutani ile kasia ndefu ya mama yetu, Françoise ameipaka vernis ing'are na kuitundika eti ni utamaduni. Nikalala na tumbo kwa simenti, nikaisukuma ndani ya ile tundu, natafuta, natafuta. Ikagusa kitu laini. Mungu wangu, Berthe. Nikazungusha, gauni ikanasa, nikavuta. Kichwa ikatoka, majani kwa macho, midomo rangi ya majivu. Hapo ndipo sauti ilinirudilia, na watu wakakimbia. Lambert akaruka na viatu vyake na abakosi yake, ile koti ya wakubwa, akamusukuma juu. Nikamulaza upande. Akatapika maji ya kijani, akalia. Alilia vizuri sana, ule mutoto.

Na baba yake alishindwa kutoka! Mutoni ukichoka, maji inakupeleka kando. Hii haipeleki mutu popote, na ukuta yake inateleza kama samaki ngolo. Nikamunyooshea kasia hata yeye, na ile tumbo yake yote, wakubwa wenzake wakamuvuta.

Magaribi Lambert alilia magotini mwangu, akaapa uzio. Bon. Wiki haijaisha, ameleta watu wa kusafisha, maji iko bluu, na amealika wakubwa wale wale na watoto wao waogelee siku ya sikukuu ya Chama. Namuuliza uzio, anasema utakuja siku ingine, sasa watu wanaona mpaka chini, hatari iko wapi? Namuuliza nani atachunga watoto, anasema Koko atachunga, ndiye mimi nyanya yao, mwanamuke wa mutoni, ni samaki huyo. Françoise ameambia wamama wote vile vile.

Sasa sikiliza, maana ni hii ilifanya niite Hadidja. Papa Hubert, hapa ukicheka nitajua.

Unakumbuka libongo kwetu, pale kando ya muto, wamama wakiwa wanafua na kuoga, mumoja anashika kasia. Mwenye kasia hafui, hasuki, hasengenyi; anatazama watoto tu, mpaka aiweke mukononi mwa mwingine. Tangu usichana mimi ndiye nilikuwa naomba kasia. Mulikuwa munasema, ona Philomène, anapenda watoto ya watu kupita wake. Mudogo wangu, ilikuwa woga. Sijui kuogelea. Sijajua hata siku moja. Maji ikipita magoti, naona kaburi. Nilikuwa nashika kasia ili musiniite ndani.

Jumapili mutoto alikuwa karibu na ukuta, ndiyo maana kasia ilimufikia. Angekuwa katikati, barua hii ingekuwa ingine. Na siku ya sikukuu watoto watakuwa wengi, na samaki wao ni jiwe. Nilimwambia Lambert jana. Alicheka mpaka akashika mbavu, alidhani nataka kuharibu sikukuu yake. Nani ataamini mwanamuke wa kwetu hajui maji?

Weye utaniamini. Weye unajua kuogelea kupita wanaume. Panda mashua ya kwanza yenye itapita, acha shamba, acha ile mbuzi. Weye ndani ya maji, mimi kando na kasia, hivyo nitapumua. Usilete kitu, lete mikono yako tu.

Salimia watoto, salimia wakwe, ambia mwenye anaumwa jino nimemukumbuka. Niko nimekaa kando ya pisini hapa, Julie anacheza mbele yangu, kasia iko magotini. Ameniuliza nitairudisha ukutani siku gani. Nimemwambia hairudi.

Sasa Hadidja ataweka kalamu chini na kushika kasia, ndipo nami nitageuka niweke kidole yangu na wino hapa chini ya barua.

Yaya yako, dada mukubwa mwenye anakupenda,
Philomène