Mbao Zimepinda, Nalaumiwa Mimi

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na unisomee hadi mwisho hata mwandiko ukikuchosha, maana shule niliacha darasa la pili. Mwaka jana fisi alimchukua binti yetu Nyangi alfajiri nyumbani kwa bibi yake mzaa baba, alikokuwa analala, mlango ulikuwa wa fito tu akausukuma, na tangu hapo mume wangu Rubeni akasema tutakuwa na milango ya mbao, lakini miti minene iko mbali na inalindwa, akapata magogo matatu membamba ya mtoni, yamepindapinda, akaazima msumeno wa watu wawili, yeye juu na ndugu yake Joram ndani ya shimo, wakapasua moja wakaunda mlango siku ileile, mbao mbichi, jua likaupiga ukajikunja, sasa pale chini kichwa cha fisi kinapita, na mimi nina kichanga, Robi, nalala nimemfunga kifuani.

Mama mkwe anasema zimepinda kwa sababu niliruka lile gogo nikiwa na mimba. Ni kweli niliruka, lilikuwa njiani nami nina mtungi kichwani. Nikamwambia, "Mama, gogo lilikuwa limepinda kabla sijaliruka." Akajibu, "Na ulimi wako ulipinda lini?" Joram alicheka, Rubeni hakucheka. Amekataa kupasua yale mawili yaliyobaki mpaka niende kwetu nikatakaswe, na kwetu ni kuvuka pori kwa miguu na mtoto mgongoni. Bado naamini mlango tutaupata. Je, niende?

Agustina, Natta

Marahaba, Agustina. Pole sana kwa Nyangi. Usiende.

Marehemu mume wangu alikuwa mpasuaji, nami nilivuta msumeno upande wa chini miaka mingi, hata nikiwa na mimba. Mbao hazikupindwa na miguu yako. Gogo jembamba lina kiini katikati, na ubao uliobeba kiini ukikaushwa upesi hujikunja. Rubeni alikuwa na haraka ya baba aliyefiwa, lakini kukutwika wewe kazi ya jua amekosea, mwambie nimesema. Na wewe acha kujibizana na mkweo mbele ya shemeji. Ulishinda maneno, mlango bado umepinda.

Leo kabla ya jioni viringisheni gogo moja mzibe ule upenyo kwa ndani. Hilo jingine likatwe vipande vifupi pale linapopinda, kwani kipande kifupi hakina kona. Vipande vipasuliwe mbao, kiini kitolewe kiwe kuni. Ncha zipakwe mavi ya ng'ombe zisipasuke, mbao zipangwe kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, mawe mazito juu, na asiziguse mtu mpaka ziwe nyepesi mkononi. Mbao fupi zikipigiliwa kwa kulala zinafunga sawasawa na ndefu. Joram akikataa kushuka shimoni, shuka wewe, na mtoto umpe bibi yake amshike.

Ndiyo, yeye. Fisi alipita mlangoni kwake, na katika barua yako yote hukumlaumu hata kwa neno moja. Anatafuta miguu ya mtu mwingine kwa sababu miguu yake mwenyewe haimpi usingizi. Mlango wa kwanza uwe wa Robi. Wa pili mpelekee yeye, kabla hajaomba.