Picha ya Majani ya Mama Odeta

Jumanne, Kagerankanda. Mvua ya pili tangu kiangazi kiishe, matope hadi kwenye mnyororo wa pikipiki. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Wiki tatu zilizopita nilipiga picha ya majani ya muhogo shambani kwa Mama Odeta. Yalikuwa na madoa ya njano, nikahofia batobato, ugonjwa unaoenezwa na mbegu. Nikaituma kwenye kundi letu la wakulima la simu, nikauliza wenzangu wanaonaje. Nilijiona bibi shamba wa kisasa kweli.

Sikuangalia kilichoonekana pichani nyuma ya majani. Mlango wa jiko lake ulionekana wote, ule aliopaka rangi ya waridi. Kijiji kizima hakuna mwingine.

Jibu la mtaalamu, ambaye naye nilimtumia picha, lilikuja kesho yake: ni utitiri tu, wadudu wa kiangazi, mvua ikinyesha majani yatapona na mbegu haina ugonjwa. Nikaliweka kundini, maandishi marefu, nikaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wenye simu kubwa ni wachache, na hao picha walishawaonyesha wenzao kisimani, kanisani, kwenye kibanda cha kuchajia simu. Maandishi yangu nani angemsomea nani?

Mama Odeta mwenyewe ana kitochi, tena hukizima kutunza chaji. Alikuwa wa mwisho kujua.

Leo asubuhi nimemkuta amekaa mlangoni, mizigo ya vijiti vya mbegu ya muhogo imeegemezwa ukutani, inakauka. Kila msimu majirani huja kwake kuomba mbegu. Hapa mbegu ya muhogo haiuzwi, mtu anapewa. Mwaka huu hajaja hata mmoja. Mama mkwe wa binti yake aliurudisha mzigo aliopelekewa, akauacha kando ya njia bila kuingia kusalimia.

"Umeniaibisha, mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Nimeshinda nikipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, nikieleza. Wanaitikia, "Sawa, bibi shamba," kwa adabu zote, halafu wanaendelea kupukuchua maharage. Hakuna aliyeuliza swali. Asiyeuliza hajaamini, hilo nimelijua siku nyingi.

Alasiri nikarudi kwake. Nikamwomba mbegu ya shamba darasa, lile la pembeni ya barabara, ambalo kila mtu huliona. Akachagua mizigo miwili iliyo bora, akaifunga mwenyewe kwenye pikipiki. Mvua ilikuwa inaanza, nikaifunika kwa turubai.

Akalivuta turubai, akalikunja, akanipa mkononi.

"Usifunike. Na upitie sokoni."

Nimepitia sokoni, polepole, nimelowa chapachapa. Kesho napanda, watu wakiwa wanapita. Simu itabaki ofisini.