Tumbawe Limeshika

Kaka,

Chai iko kwenye chupa. Pampu ya tangi la samaki nimeiwasha, usiizime.

Asubuhi nilikuta kile kipande chako cha tumbawe la zambarau kimebanduka tena na kulala mchangani, mara ya nne sasa. Nikakumbuka ulivyoniambia mbele ya rafiki zako: "Wewe uliyeishia darasa la tano, kaa mbali na tangi langu." Niliumia.

Lakini kwa fundi viatu ninakofanya kazi, hatupaki gundi kwenye soli chafu. Jiwe unalolibandikia lina utelezi wa mwani, nawe unabandika juu ya utelezi! Nilizima pampu, nikalisugua jiwe kwa mswaki wako mpya (nunua mwingine), nikakausha kitako cha tumbawe, nikatia gundi yako ileile, nikalikandamiza hadi nilipohesabu mia. Limeshika, kaka! Pampu inasukuma maji, samaki wanaligonga, nalo limetulia tuli.

~~Usiliguse.~~ Liguse kwa kidole kimoja, uamini.

Rafiki zako wakija leo, waambie nani amelibandika. Mimi nitaona haya kusema.

Mdogo wako wa darasa la tano