Kompyuta Haijafa, Flashi Iko kwa Sabiri

Baba, shikamoo. Chai iko kwenye chupa, mihogo nimeifunika. Mama akirudi sokoni mwambie maharage nimeshayachemsha, abaki kuyaunga tu. Kompyuta ya dukani msiiguse.

Asubuhi imegoma kuwaka, ukasema mbele ya wateja kwamba nimeiua. Haijafa! Jana niligawa diski yake upya nikaweka Linux, mfumo mpya wa kuiendesha, na wewe mwenyewe ukachapa kadi za harusi. Kosa langu ni moja: ile programu ndogo inayoiamsha mashine niliiweka kwenye flashi badala ya kwenye diski. Leo kaka Sabiri kaichomoa, kaenda nayo kwenye bajaji yake akidhani bado ina kaswida zake. Nilishazifuta. Atazungusha abiria Isevya nzima bila kaswida hata moja.

Namfuata stendi. Fundi uliyemwita akija, mpe chai, bisibisi yake ikae mfukoni. ~~Nikirudi nitakuomba radhi.~~ Nikirudi naihamishia ile programu kwenye diski, halafu naiwasha bila flashi, wateja walewale wakiwepo. Na lile neno ulilolisema mbele yao, ulifute mbele yao.

Binti yako,
Shamila